Taya Linaloalika: Kiungo Kidogo Chenye Kazi Kubwa

Weka ncha za vidole vyako mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fumbua na kufumba kinywa polepole. Utahisi kitu kigumu kinachozunguka na kuteleza chini ya ngozi. Hicho ndicho kiungo cha taya. Tunakitumia tunapokula, tunapozungumza, tunapomeza mate, tunapopiga miayo, na mara nyingine hata tukiwa usingizini. Hata hivyo, katika masomo yetu ya baiolojia goti na kiwiko hupewa nafasi kubwa, na kiungo hiki hutajwa kwa haraka tu.

Kutokifahamu kuna gharama. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu akaaye Utemini, katika Manispaa ya Singida. Jioni moja anatafuna mahindi ya kuchoma, na mara anasikia mlio wa "tak" karibu na sikio. Siku chache baadaye shavu linauma. Jirani wa kwanza anamwambia kwamba mdudu ameingia sikioni, atiwe mafuta ya moto. Wa pili anasema ni gego, aende aking'olewe. Wa tatu anamwambia apuuze tu, yatapita. Mwanafunzi huyu ni wa kubuniwa, lakini mashauri hayo matatu si ya kubuniwa. La kwanza laweza kuliunguza sikio. La pili laweza kumpotezea jino zima lisilo na ugonjwa. La tatu, ambalo mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, kuna siku laweza kumpotezea maisha.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kiungo cha taya kilivyoumbwa, kwa nini hualika na kwa nini huuma, mambo ambayo mtu aweza kujifanyia nyumbani, na dalili ambazo zikionekana hapana budi kwenda hospitali bila kuchelewa.

1. Umbo la kiungo

Taya la juu limeshikamana na fuvu wala halisogei. Lisogealo ni taya la chini. Hilo ni mfupa mmoja wenye umbo la upinde, na kila ncha yake ya nyuma hupanda juu na kuishia katika kifundo cha mviringo. Kifundo hicho huingia katika kishimo kilichoko upande wa chini wa fuvu, mbele ya sikio. Kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, kiungo cha kulia na cha kushoto hulazimika kufanya kazi pamoja, kama maksai wawili waliofungwa nira moja. Mmoja akichechemea, mwenzake naye huyumba.

Kati ya kifundo na kishimo kuna kisahani chembamba cha nyama ngumu inyumbukayo. Kazi yake yafanana na kazi ya kata ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo ya maji: hueneza uzito na kuzuia kigumu kisisuguane na kigumu. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko wenye ute wa kulainisha.

Mwendo wa kiungo hiki ni wa namna mbili. Kinywa kinapoanza kufumbuliwa, mpaka meno ya mbele yaachane kiasi cha milimita 20 hadi 25, kifundo huzunguka tu mahali pake kama bawaba ya mlango. Baada ya hapo kifundo na kisahani chake huteleza pamoja kwenda mbele na chini. Mtu mzima mwenye afya aghalabu aweza kufumbua kinywa milimita 40 au zaidi, yaani karibu upana wa vidole vyake vitatu.

Misuli mikuu ya kutafunia ni minne kila upande. Mmoja uko shavuni: weka kiganja shavuni, ukaze meno, nawe utauhisi ukituna. Mwingine umeenea panjani, juu ya sikio. Ndiyo sababu mtu aliyekaza meno kutwa nzima huumwa na kichwa jioni asijue chanzo chake.

2. Taya ni wenzo

Wanafunzi wa fizikia wanazijua aina tatu za wenzo. Taya ni wenzo wa aina ya tatu: egemeo liko kwenye kiungo, jitihada ya misuli iko katikati, na mzigo, yaani chakula, uko mbele.

Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba misuli inavuta kwa nguvu ya nyutoni 500 mahali palipo sentimita 4 kutoka kwenye kiungo. Gego liko sentimita 6 kutoka kwenye kiungo, na meno ya mbele yako sentimita 10.

Tukiuma kwa gego: 500 × 4 = M × 6, kwa hiyo M ni karibu nyutoni 333. Nguvu inayobaki kubebwa na kiungo ni 500 − 333, yaani nyutoni 167.

Tukiuma kwa meno ya mbele: 500 × 4 = M × 10, kwa hiyo M ni nyutoni 200. Nguvu inayobebwa na kiungo sasa ni 500 − 200, yaani nyutoni 300.

Hesabu hii imerahisishwa, maana misuli haivuti wima kabisa na viungo ni viwili. Lakini fundisho lake ni la kweli. Kwa jitihada ile ile ya misuli, anayeuma kwa meno ya mbele hupata nguvu ndogo kwenye chakula na hukitwisha kiungo mzigo ulio karibu maradufu. Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa hata Dar es Salaam, na nyama yao haikubali kuambuliwa kwa upole. Hali kadhalika muwa. Kufungua soda kwa meno ni tabia mbaya zaidi ya zote. Mwenye kiungo kinachouma na akate chakula chake kwa kisu, kisha akitafune kwa magego.

3. Mataya ya kale ya nchi yetu

Uhusiano wa misuli na mifupa ya taya waweza kuonekana wazi katika masalia yaliyopatikana kaskazini mwa Tanzania. Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aligundua katika Bonde la Olduvai fuvu la kiumbe aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita, lililopewa jina la Zinjanthropus. Fuvu hilo lilikosa taya la chini. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, mtafiti Mkenya, alipata huko Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron, taya la chini la kiumbe wa aina hiyo hiyo. Ni taya nene lenye magego makubwa mno, ilhali meno yake ya mbele ni madogo. Juu ya fuvu la Olduvai kuna ukingo wa mfupa uliosimama, ambao ndio ulioshikilia misuli mikubwa ya panjani.

Watu walimwita kiumbe huyo mvunja kokwa. Lakini uchunguzi wa kemikali za meno yake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba alikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago, chakula kinachohitaji kusagwa kwa muda mrefu. Sisi tunatwanga, tunasaga na kupika, na mataya yetu ni mepesi. Kwa hiyo mtu wa leo akiyafanyisha mataya yake kazi ya Zinjanthropus, asishangae yakilalamika.

4. Kwa nini taya hualika?

Tuirudie kata yetu. Kwa watu wengi kisahani huwa kimeteleza mbele kidogo ya kifundo. Kinywa kinapofumbuliwa, kifundo husogea mbele, hufika kwenye ukingo mnene wa kisahani, kisha huruka na kukaa tena chini yake. Kuruka huko ndiko hutoa mlio. Kinywa kinapofumbwa kisahani huteleza tena, na pengine mlio wa pili, ulio hafifu zaidi, husikika.

Jambo la kushika ni hili: taya linaloalika bila maumivu, na bila kuzuia kinywa kufumbuka, si ugonjwa na halihitaji tiba. Milio hiyo husikika kwa watu wengi wenye afya. Wengi hukaa nayo miaka mingi isizidi, na kwa wengine hukoma yenyewe. Kosa la kuepukwa ni kulialisha taya kwa makusudi kila mara ili kuona kama mlio bado upo.

Mlio wa kukwaruza, kama wa mchanga chini ya kiatu, ni tofauti. Aghalabu huonyesha kuwa nyuso za kiungo zimechakaa, na hupatikana zaidi kwa watu wazee. Tena yaweza kutokea kwamba mlio unakoma ghafla, na papo hapo kinywa hakifumbuki zaidi ya upana wa kidole kimoja au viwili. Hapo kisahani kimekwama mbele ya kifundo. Mtu huyo na amwone mtaalamu, lakini asiogope sana, kwani wengi hupata nafuu bila kupasuliwa.

5. Maumivu hutoka wapi?

Mara nyingi maumivu ya taya hayatoki katika kiungo chenyewe, bali katika misuli iliyochoka. Meno ya juu na ya chini hayakuumbwa kugusana kutwa. Mtu akiwa ametulia, midomo hufumbwa lakini meno huachana kwa milimita chache. Mwenye wasiwasi hukaza meno bila kujua: mwanafunzi anayengoja mtihani wa kidato cha nne, mkulima anayetazama mbingu zisizo na wingu mwezi Januari, dereva wa lori katika safari ndefu. Wengine husaga meno usingizini. Wako watafunao ubani tangu asubuhi hadi jioni, na wako watafunao mirungi kwa saa nyingi, kitu ambacho, mbali na kuyachosha mataya, kimepigwa marufuku na sheria za Tanzania. Vyanzo vingine ni pigo la kidevu, miayo mikubwa, na ugonjwa wa yabisi. Maumivu haya huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40.

Kwa nini basi mgonjwa hudhani ni sikio au jino? Kwa sababu mshipa mmoja mkuu wa fahamu huhudumia meno, misuli ya kutafunia, kiungo cha taya, na sehemu ya sikio. Ni kama barua za vijiji vitatu zinazopitia sanduku moja la posta: ubongo huipokea habari, lakini mara nyingine hukosea kijiji ilikotoka.

6. Fundisho la historia

Hata wataalamu walikosea kijiji. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio huko St. Louis, Marekani, alieleza kwamba maumivu ya taya, sikio na kichwa husababishwa na kupotea kwa magego, ambako hufanya taya lipande juu mno na kubana sehemu za jirani. Nadharia yake ilienea, na kwa miaka mingi meno ya wagonjwa yalichongwa, yakainuliwa au kupangwa upya. Baadaye wanaanatomia walionyesha kwamba mbano huo haukuwa kama alivyodhani. Siku hizi inafahamika kuwa chanzo si kimoja, na kwamba namna meno yanavyokutana si sababu kuu kama ilivyoaminiwa.

Katika miaka ya 1980 kosa lilikuwa kubwa zaidi. Huko huko Marekani wagonjwa wengi walitolewa visahani vyao na kuwekewa vya bandia vilivyotengenezwa kwa teflon. Chini ya mzigo wa kutafuna vitu hivyo vilimomonyoka, na chembechembe zake zikasababisha mifupa ya kiungo kuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliondolewa sokoni, lakini wako waliobaki na maumivu makubwa kuliko yale waliyokwenda kutibiwa.

Na kwetu? Sisi tunayo imani ya "meno ya nailoni", ambayo kwayo watoto wachanga wenye homa au kuhara wamechokolewa fizi na kung'olewa vichipukizi vya meno yasiyo na kosa lolote. Wapo waliokufa kwa kutokwa damu na kwa maambukizo. Katika mifano yote hii kosa ni lile lile: kuondoa kisichoweza kurudishwa kabla ya kujua chanzo cha ugonjwa. Kwa hiyo kanuni ya leo katika kutibu kiungo cha taya ni kuanza na tiba ambayo, isipofaa, yaweza kuachwa bila kuacha madhara.

7. Mambo ya kufanya nyumbani

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa muda wa majuma au miezi michache wakifuata mambo yafuatayo:

(a) Kula vyakula laini kwa majuma mawili au matatu: uji, ugali na mlenda, viazi vitamu, maharage yaliyoiva vizuri. Acha kwa muda muwa, bisi, mahindi ya kuchoma na ubani. Tafuna pande zote mbili.

(b) Jikumbushe mara nyingi kwa siku: midomo ifumbwe, meno yaachane, ulimi utulie. Mwanafunzi aweza kuchora alama ndogo katika daftari. Kila aionapo, aachanishe meno.

(c) Kanda shavu na panja kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto ya kuvumilika na kukamuliwa, kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Ikiwa umeumia kwa pigo, tumia kitambaa cha maji baridi kwa siku mbili za kwanza.

(d) Wakati wa kupiga miayo, zuia kidevu kwa ngumi ili kinywa kisipanuke mno. Usiegemeze kidevu mkononi unaposoma.

(e) Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, kisha fumbua kinywa polepole bila ulimi kuachia. Rudia mara tano au sita, mara kadhaa kwa siku. Zoezi likiongeza maumivu, liache.

(f) Parasetamoli yaweza kutumika kwa siku chache kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa kali zaidi zitolewe na mganga, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo na wajawazito.

Wasagao meno usiku waweza kutengenezewa na daktari wa meno kifuniko cha plastiki cha kuvaa wakati wa kulala. Huyalinda meno, na hakibadilishi kitu kwa kudumu. Upasuaji ni kwa wachache, baada ya njia nyingine kushindwa.

8. Dalili zisizongoja

Hapa ndipo shauri la "puuza tu" linapokuwa la hatari. Nenda hospitali upesi ukiona mojawapo ya haya:

Taya kukaza baada ya jeraha. Mtu aliyejikata kwa jembe, aliyechomwa na mwiba au msumari, na ambaye siku 3 hadi 21 baadaye anashindwa kufumbua kinywa, huenda ana pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na jeraha laweza kuwa limekwisha kupona. Kukaza kwa taya mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, na kila saa ina thamani. Chanjo huzuia ugonjwa huu.

Kinywa kubaki wazi bila kufumba. Kifundo kimeteguka na kupita mbele ya mahali pake. Mganga hukirudisha kwa kukandamiza taya chini na nyuma kwa vidole gumba vilivyofungwa kitambaa. Njia ya namna hiyo imeandikwa katika hati ya mafunjo ya Misri iliyoandikwa miaka ipatayo 3,600 iliyopita. Usimpige mgonjwa kofi kwa kudhani litarudi.

Uvimbe wenye homa, au usaha. Hilo huenda ni jipu la jino, na likienea shingoni laweza kuziba njia ya hewa.

Uvimbe wa taya unaokua, hasa kwa mtoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza saratani ya mataya aliyoiona kwa watoto wa Uganda. Leo inafahamika kwa jina lake. Hukua upesi sana, lakini ikiwahiwa hutibika kwa dawa.

Taya kuuma baada ya ajali, meno yasipokutana kama zamani: mfupa huenda umevunjika. Na mwisho, maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo, si ya taya.

Mkazi wa Utemini hana haja ya kusafiri karibu kilomita 700 hadi Muhimbili ili apate jibu la kwanza. Kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa yaweza kumpima na kuamua kama apelekwe mbele.

9. Kazi ya darasani

Walimu wa baiolojia na fizikia waweza kushirikiana. Kwanza, kila mwanafunzi apime kwa rula nafasi kati ya meno yake ya juu na ya chini afumbuapo kinywa bila kujilazimisha. Darasa litafute wastani na lichore grafu. Pili, wanafunzi wahesabu ni wangapi kati yao mataya yao hualika, na wangapi kati ya hao wana maumivu. Idadi hizo mbili zitakuwa zimetofautiana, na tofauti hiyo ni somo tosha. Tatu, kwa kutumia rula ya mbao, uzi na mizani ya springi, watengeneze wenzo wa aina ya tatu na kuthibitisha hesabu ya sehemu ya pili.

Mwanafunzi atakayefanya kazi hizo ataweza kuwajibu wale majirani watatu. Sikio lisitiwe kitu. Jino lising'olewe mpaka limepimwa na kuonekana bovu. Na taya lililokaza baada ya jeraha lisilazwe nyumbani hata usiku mmoja.